Nyumba Isiyo na Mlango

Ninhedu alirudi kutoka mferejini na mtungi wa maji kichwani, nywele bado zinamchuruzika mgongoni, akakuta mlango wa nyumba yake haupo.

Haukuvunjwa wala haukuachwa wazi. Haupo. Mahali uliposimama miaka yote palikuwa na uwazi mtupu, na jua la asubuhi lilikuwa limeshajiingilia ndani hadi kwenye mitungi ya pombe. Chini, kwenye jiwe lenye tundu ambamo nguzo ya mlango huzungukia, kulikuwa na michubuko mipya. Mtu aliung'oa kwa haraka.

Wazo la kwanza lilikuwa wezi. Girsu ni mji wa udongo. Nyumba ni udongo, mabakuli ni udongo, hata mundu wa kuvunia shayiri ni udongo uliochomwa. Mti wa kupasua mbao huteremshwa na mto kutoka milima ya mbali, na wenye nao ni wachache. Ndiyo maana mtu akihama huacha kuta na kuondoka na mlango wake. Mwizi mwenye akili ataruka mbuzi watano achukue mlango mmoja.

Lakini mwizi gani aibe asubuhi, mbele ya Mama Shasha ambaye hajalala tangu alfajiri?

Ninhedu aliutua mtungi. Ingekuwa siku nyingine angepiga kelele, majirani wakaja, wakatafuta. Leo hakupiga. Leo alikuwa ameoga kwa magadi, amejisugua visigino, amejipaka mafuta ya ufuta. Leo Urmes anakuja na ungo.

Kila mwanamke wa mtaa ule alijua maana yake. Mwanamume huja asubuhi na watu wake, ungo wa maziwa, siagi, samaki na tende umebebwa mbele. Anagonga. Anamwita mwanamke kwa jina lake. Na mwanamke, ameoga, amejipaka mafuta, anafungua mlango wa nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe. Haufunguliwi na dada wala mjakazi. Ukifunguka, basi, ni mke wa mtu. Usipofunguka, ungo unarudi ulikotoka, na ungo uliorudi hauji mara ya pili katika nyumba ile ile. Ndimi za mtaa zitahakikisha.

Sasa atafungua nini?

Aliingia ndani. Mama Shasha, mama wa marehemu mume wake, alikuwa amekaa kwenye mkeka wake karibu na ukuta, anamegamega mkate wa pombe ndani ya beseni la udongo. Hakuinua macho.

"Mama. Mlango uko wapi?"

"Mlango gani?"

"Mama!"

"Kauchukua Akala."

Akala alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, msimamizi wa wachimba mifereji. Mtu mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya shamba.

"Akaja, akang'oa, akaondoka. Na wewe umekaa hapo unamwangalia?"

"Sikumwangalia." Kikongwe alimega kipande kingine. "Nilimshikia upande mmoja. Mzito ule."

Ninhedu alikaa chini.

Angekuwa mwingine, angejua la kumjibu. Lakini kwa mwanamke huyu hakuwahi kupata neno kali, na hata leo alilitafuta akalikosa. Lugina, mume wake, alipokufa kwa homa ya mifereji, ndugu walikaa kikao kabla hata kaburi halijakauka. Mjane hana mtoto, wakasema. Apelekwe kwenye nyumba ya wafumaji, akae pale na wanawake wengine wasio na mtu, asokote sufu mpaka vidole vigome, apokee bakuli lake la shayiri. Ndivyo ilivyofanyika kwa wengi. Hakuna aliyeona ubaya. Mama Shasha pekee alisimama katikati ya kile kikao, uso umevimba kwa kumlilia mwanawe, akasema, "Huyu haendi popote. Huyu anabaki na mimi. Bakuli lake la shayiri atalipata hapa hapa, kwa kupika pombe."

Ninhedu hakujua kupika pombe. Alikuwa hajui kimea wala chachu. Mama Shasha alimfundisha kuanzia kulowesha shayiri, kuitandaza kivulini ichipue, kuikausha kabla chipukizi hazijawa ndefu, kuoka mkate, kuuvunja, kuutia tende. Aliharibu mitungi mingi, mama mkwe akaimwaga mferejini bila kusema neno, akaanza upya. Leo mtu akitaka pombe nzuri katika mtaa ule, anaonyeshwa nyumba ya Ninhedu.

Kwa hiyo alipofungua mdomo, sauti ilitoka ndogo.

"Unajua leo ni siku gani, mama?"

"Najua. Ungekuwa huendi kuolewa usingejipaka mafuta yote hayo. Unanuka kama ufuta shambani."

"Urmes yuko njiani."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Mama Shasha aliacha kumega. Vidole vyake vilikuwa na unga wa mkate hadi kwenye makunyanzi.

"Mlango ule Lugina aliununua ukiwa mbao tupu. Akaubeba mgongoni kutoka gatini, akasimama pale nje anahema, akasema, mama, sasa sisi ni watu. Akala kaja asubuhi akaniambia, mama, mlango wa kaka yangu hautamfungukia mwanamume mwingine. Nikaona ana haki."

"Hiyo ni sababu ya Akala. Nimekuuliza yako."

Nje, jirani yao Bazi alikuwa anamgombeza kuku.

"Yangu ni ndogo," alisema kikongwe. "Mwanamke akifungua mlango, anatoka. Anamfuata mume. Huyo wako anakaa huko mabwawani, kwenye vibanda vya matete, ambako hata ukikohoa jirani anakwambia pole. Utakwenda. Unastahili kwenda, bado kijana. Mimi Akala ataniweka kwenye ile kona yake karibu na mbuzi. Au watakaa kikao." Alicheka bila meno. "Safari hii hakuna wa kusimama katikati. Nikawaza, mlango usipokuwepo, hatatoka. Nikashika upande wangu. Ndiyo hivyo. Nipige kama unataka."

"Nikupige!"

"Mimi ningekupiga."

Ninhedu alisogea kwa magoti mpaka kwenye mkeka, akaishika mikono yenye unga.

"Mama, ulidhani nitakuacha?"

"Hukusema."

"Sikujua kama ni jambo la kusema! Kwani huwa nasema kwamba kesho nitapumua? Nilimwambia Urmes siku ya kwanza kabisa aliponiuliza. Nikamwambia, mimi na mama yangu ni kitu kimoja. Akasema sawa."

"Akasema sawa." Mama Shasha alitikisa kichwa. "Wanaume wote husema sawa wakiwa nje ya mlango, mwanangu. Waulize wakishaingia."

Hapo hapo, mbali, upande wa mferejini, vigelegele vikapigwa.

*

Ninhedu alikimbilia nyuma, akaita juu ya ukuta.

"Bazi! Bazi we! Niazime mlango wako!"

Bazi alitokeza kichwa, kuku kwapani. "Nini?"

"Mlango! Kwa muda mfupi tu!"

"Umechanganyikiwa, dada? Ukifungua mlango wa nyumba yangu, utakuwa umeolewa nyumba yangu. Mimi na wewe na yule mume wangu na miguu yake ile? Asante, huyo mmoja ananitosha."

"Basi nipe hata mkeka nitundike."

"Mikeka yote hapa kafuma nani? Urmes. Yako kafuma nani? Urmes. Mwanamume agonge kitu alichofuma mwenyewe, ajifungulie mwenyewe, ndoa gani hiyo? Shangazi yake atacheka mpaka aanguke." Bazi alimwangalia vizuri, kicheko kikamtoweka usoni. "Kwani wako umekwenda wapi?"

Ninhedu aligeuka. Alirudi ndani, akasimama nyuma ya mtungi mkubwa, mikono kifuani.

Mtungi ule ndio ulioanzisha yote. Urmes alikuwa mkata matete. Alikuwa akija na mirija ya kunywea pombe, imenyooka vizuri, kila upande imepitishwa motoni isichane midomo ya wateja. Akaanza kuileta mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Siku moja Ninhedu akamwambia, "Wewe, mirija uliyoniletea inatosha kuunywa mto Hidekeli wote." Yule bwana akaangalia chini, masikio yakamwiva, akasema, "Basi tuijaribu kama inapitisha." Wakakaa mtungi katikati, kila mmoja na mrija wake, vichwa vimeinama hadi nywele zao zikagusana. Alipoinua macho akamkuta Urmes anamtazama toka karibu sana, mrija bado mdomoni, amesahau kunywa. Harufu yake ilikuwa ya lami ya kuziba mitumbwi na majani mabichi. Ninhedu, mjane aliyedhani kifua chake kimeshafungwa, akasikia kitu kikijongea humo ndani. Akashukuru mchana ule. Hakujua amshukuru nani, akamwaga tone moja la pombe chini kwa ajili ya Bau, mungu mama wa mji, akaona linatosha.

Vigelegele vikafika nje ya nyumba, vikakatika ghafla.

"Hee," sauti ya mwanamke ilisema. "Tugonge wapi sasa?"

Huyo alikuwa shangazi Geme, aliyemlea Urmes baada ya wazazi wake kufa, mwanamke mfupi mwenye ungo mkubwa kichwani na mdomo mkubwa kuliko ungo. Nyuma yake walikuwa watu wa mabwawani, wengine na kanzu zilizopigwa pasi kwa mawe, wengine bado na matope magotini. Mtaa mzima ulishatoka kuangalia. Na ng'ambo ya njia, chini ya kivuli cha ukuta wake, alisimama Akala, mikono kifuani. Mlango wa Lugina ulikuwa umeegemezwa ukutani pembeni yake, kila mtu auone.

Urmes alisimama mbele ya uwazi. Alikuwa amenyoa, ngozi ya kidevu imebaki nyeupe kuliko uso. Hapakuwa na kitu kati yake na Ninhedu isipokuwa hewa na kizingiti. Macho yao yalikutana mara moja tu. Naye, kwa kuwa bwana harusi hapaswi kumwona mwanamke wake kabla hajafunguliwa, akageuka upesi akampa mgongo.

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwangalie, kaja kuoa barabara!"

Urmes hakucheka, wala hakugeuka. Kuingia kulikuwa rahisi, hatua moja tu. Lakini mwanamke anayeingiliwa bila kufungua si mke, ni mwanamke aliyechukuliwa. Visigino vyake vilibaki nje ya kizingiti, vimesimama pale pale kama vimepandwa. Ninhedu, nyuma ya mtungi, aliviangalia vile visigino vyenye nyufa za maji ya bwawa, macho yakamjaa machozi. Mwanamume anamheshimu mpaka kwa visigino!

"Akala!" shangazi Geme alipaza sauti. "Huo mlango pembeni yako unaufanyia nini?"

"Unapumzika."

"Sisi tumekuja kuoa."

"Oeni. Nani kawazuia? Kama kuna mlango, afungue." Sauti ya Akala ilikuwa kubwa, lakini kulikuwa na kitu kilichovunjika ndani yake. "Kaka yangu alibeba hizi mbao mgongoni. Mnataka ziwafungukie ninyi? Kaka yangu yuko chini ya udongo, mimi niangalie mlango wake ukicheka?"

Hata waliokuwa wanacheka waliacha. Kila mtu pale alikuwa na mtu wake chini ya udongo.

"Shemeji," Ninhedu aliita kutoka ndani. "Kila mwezi unapoandama namwagia Lugina pombe yake kaburini. Sijawahi kuruka. Wewe unajua."

"Najua," alisema Akala, akaangalia pembeni.

Shangazi Geme alitua ungo chini. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Inzi wa kwanza alishafika kwa samaki.

"Maziwa haya yatakatika sasa hivi," alisema. "Urmes, mwanangu, mimi nimezunguka na nyungo nyingi mjini hapa, na sijawahi kukaa nje kuwapikia watu samaki kwa jua. Tuondoke kwa heshima kabla hatujatimuliwa na harufu."

"Bado kidogo, shangazi."

"Bado kidogo unasubiri nini? Mlango uote?"

"Kuna kitu kwenye ungo si cha Ninhedu. Hicho hakirudi, hata kama mimi narudi." Bado akiwa ameipa nyumba mgongo, Urmes alichutama, akapapasa katikati ya tende na samaki, akatoa mirija mitatu iliyofungwa pamoja kwa kamba ya matete. Akaifungua. Miwili akaiweka chini. Wa tatu, mfupi, akaunyoosha kwa nyuma, mkono umepita kiunoni mwake na kuingia ndani ya uwazi wa nyumba, kama mtu anayelisha kitu asichokiona.

"Mama Shasha. Huu ni wako."

Kikongwe, kwenye mkeka wake, alikaza macho. "Wangu kwa vipi?"

"Siku ile nilipoleta mikeka ulikuwa unamlalamikia Bazi kwamba mirija inakukata ufizi, siku hizi pombe unanywa kwa kijiko kama uji. Nikausaga mdomo wake kwa mchanga, nikauvika ngozi laini ya mwanambuzi. Na nimeukata mfupi, usiwe unanyoosha shingo. Ujaribu."

Mama Shasha aliinuka. Kuinuka kwake siku hizi kulikuwa kazi, mkono mmoja ukutani, mwingine gotini. Akaja mpaka kwenye uwazi, akauchukua ule mrija kutoka kwenye mkono ulionyooshwa, akaugeuzageuza. Akaupeleka mdomoni. Akaung'ata kwa ufizi.

"Laini," alisema, kama anayemshtaki mtu.

"Nashukuru."

"Usinishukuru. Ninyi mnakaa mabwawani. Mtungi uko hapa. Huu mrija nitaunywea wapi?"

"Hapa hapa. Kwani mitungi ya pombe inahamishwa? Ninhedu akitoka hapa wateja watakuja kunitoa roho." Urmes aliongea na barabara iliyokuwa mbele yake, lakini kila neno lilikuwa la yule aliye nyuma. "Matete yanaelea, mama. Nitayakata kule, nitayaleta kwa mtumbwi, nitafumia hapa nje kivulini. Mimi mama yangu alikufa sijaota meno. Shangazi kanilea, namshukuru mbele ya watu wote hawa. Wewe umemlea Ninhedu akiwa mtu mzima tayari, wakati watu wangemtupa. Nije nimtoe hapo? Mimi nimekuja kuomba kuingia, sikuja kumtoa mtu."

Mama Shasha aliuchomeka mrija nyweleni, akapangusa unga mikononi kwa shuka ya sufu aliyojifunga. Kisha akakanyaga kwenye jiwe la mlango, lile lenye tundu, akajipanga vizuri, unyayo mmoja juu ya tundu lenyewe. Akanyoosha mkono mmoja mpaka ukagusa mwimo wa upande wa pili. Uwazi ukazibika. Hakuwa mpana, lakini alikuwa ameziba.

"Urmes," alisema. "Geuka ugonge."

Urmes aligeuka. "Nigonge nini, mama?"

"Huoni mlango?"

Shangazi Geme alishika mdomo. "Mambo haya sijawahi kuona."

"Sasa umeona."

"Mama!" Akala alivuka njia mbio. "Mama, usifanye hivi. Wewe ni mama yake Lugina!"

"Ndiyo. Ndiyo maana nafaa." Kikongwe hakushusha mkono. "Wewe umesema mlango wa nyumba hii ni wa Lugina. Mimi ni wa nani? Zile mbao alizinunua akiwa na ndevu. Mimi nilikuwa wake hata meno hajaota. Nani mwingine kakaa kwenye nyumba hii siku nyingi kuliko mimi? Nimekaa humu upepo ukanipiga, mvua ikanipiga, wezi nikawafukuza. Kama kaka yako angekuwa hai ukamwambia achague, mlango au mama yake, angechagua nini? Wewe leo umechagua mlango, na mimi utaniweka kwenye kona ya mbuzi."

Machozi yalimtoka mtu yule mwenye sauti kubwa, bila sauti yoyote.

"Ningekuacha na mbuzi kweli?" aliuliza.

"Ungeniacha. Ungenipenda, lakini ungeniacha na mbuzi. Haya, sogea, unamzibia bwana harusi njia."

Urmes alisogea. Aliinua mkono, akafikiri, akagonga kwa kidole kimoja, taratibu kabisa, kwenye bega la kikongwe.

"Kwa nguvu, bwana! Mlango gani unasikia hivyo?"

Akagonga tena. "Ninhedu. Nifungulie. Ni mimi Urmes, nimekuja na samaki na maziwa, nimekuja na mikono yangu. Nifungulie nyumba yako."

Ninhedu alitoka nyuma ya mtungi. Mafuta ya ufuta yalikuwa yamechanganyika na jasho usoni. Alisimama nyuma ya mama mkwe wake, akaliona lile bega dogo, kitambaa kilichochakaa, mrija umechomekwa nyweleni. Akaona na mkono ule, umenyooshwa, unaanza kutetemeka kwa uzito wake wenyewe.

Aliushika. Akauleta puani kwake, kama watu wafanyavyo mbele ya mwenye heshima, akaubakiza pale.

"Mama," alisema. "Nilikuja nyumba hii sijui kimea. Nilikuwa nafukuzwa, ukasimama. Nilikuwa naharibu, ukamwaga ukaanza tena. Hujawahi kuniuliza mtoto wangu yuko wapi. Hata siku moja. Nimekula kwa mkono huu mpaka nimenenepa na sijawahi kukuambia asante, nilidhani unajua. Nasema leo wote wasikie. Asante. Asante, mama. Kama Lugina anasikia huko chini, naye asikie, mama yake alinifanya mtu."

"Umemaliza?" Sauti ya kikongwe ilikuwa nzito. "Mkono unaniuma."

"Bado. Sasa nikikufungua utakwenda wapi?"

"Si nje huko, mlango ukifunguliwa..."

"Wapi? Mlango ukifunguliwa unakwenda wapi, mama? Hauendi kokote. Unageuka tu. Unabaki ndani."

Mgongo wa Mama Shasha ulianza kutikisika.

"Basi fungua," alisema mwishowe. "Taratibu. Bawaba zimezeeka."

Ninhedu alimshika mkono kwa mkono wake wa kulia, akaweka wa kushoto kiunoni mwake, akamzungusha polepole kuelekea ndani, unyayo wake mkavu ukisaga juu ya jiwe, mpaka mgongo wa kikongwe ukaegemea ukuta wa ndani, pale mlango unapokaa ukiwa wazi. Jua likaingia. Na mbele yake alikuwepo Urmes, uso wote, hakuna tena cha kuzuia wala cha kugeuzia mgongo. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na kidevu chake kile cheupe kikamfanya aonekane kama mtoto aliyenyolewa na shangazi yake, jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Karibu ndani," Ninhedu alisema.

Urmes alivuka kizingiti. Vigelegele vya watu wa mabwawani vilipanda mpaka kuku wa Bazi wakaruka ukuta.

Waliuweka mtungi mkubwa katikati ya chumba. Kabla mtu hajanywa, Urmes aliomba bakuli, akachota, akamwendea Akala aliyekuwa bado nje, akampa. "Mmwagie kaka yako," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza." Akala alilishika bakuli kwa mikono miwili. Alimwaga pale pale, kwenye tundu la jiwe la mlango, na udongo ukaimeza yote.

Kisha aliondoka bila kuaga. Watu waliangaliana. Hawakumaliza kunong'ona alipoonekana anarudi, ameinama, mlango mgongoni, anahema kama kaka yake alivyohema siku ile ya gatini.

"Nishikieni upande mmoja," alisema. "Mzito huu."

Mama Shasha hakuinuka kumsaidia. Alikuwa amekaa kati ya Ninhedu na Urmes, vichwa vitatu vimeinama juu ya mtungi mmoja, na mrija wake mfupi ulikuwa mdomoni. Alivuta. Akafumba macho. Akavuta tena.

"Mwanangu," alimwambia Ninhedu, bila kuutoa mrija, "hii pombe umezidisha tende."

"Ndiyo, mama."

"Usibadilishe."